Baba Hakufa kwa Ajili ya Mfalme

Mtaa wa Wafumaji,
Tours.
Tarehe 20 Nivôse, mwaka wa tatu wa Jamhuri
(huko kwenu bado ni Januari 9, 1795)

Mpendwa mdogo wangu Gatien,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Hujambo wewe? Mkeo naye hajambo? Na kile kifua kilichokuwa kikikubana kila baridi ikiingia, hewa ya Filadelfia imekihurumia? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu wazee wanasema hawajapata kuiona. Mto Loire umeganda kutoka ukingo hadi ukingo, watu wanavuka na mikokoteni. Barua hii itakaa kwa mwenye mashua mpaka barafu ilegee, ndipo iteremke Nantes kutafuta meli. Ukiisoma wakati wa joto usishangae.

Barua yako ilinifikia Novemba, na nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu cha sala, Mungu anisamehe. Unasema mabwana waliokimbilia huko, wale ambao vyeo vyao vimebaki midomoni tu, wanakupa heshima kwa sababu Baba alikufa kwa ajili ya mfalme. Wamemsomea misa, nawe umevaa utepe mweusi mkononi. Halafu unaniuliza ni nani aliyemponza, maana mtu huyo hutamsamehe mpaka unaingia kaburini.

Nitakujibu, Gatien. Ila vumilia nianzie mbali, kwa kuwa uliondoka mwaka 1788 na mengi hukuyaona.

Mwaka uliofuata tuliambiwa kila mtaa uandike malalamiko yake, mfalme atayasoma. Wafumaji walikusanyika kwetu, wakayataja, na mume wangu Silvain akaandika kwa sababu ana mwandiko mzuri. Unajua Baba alilalamikia nini? Kodi ya chumvi. Mtu aliyefuma hariri za mapazia ya kifalme miaka hamsini, na supu yake haina ladha. Julai watu wa Paris wakaivunja ngome ya gereza, na baada ya miezi kadhaa kodi ile ikafutwa, na fungu la kumi la kanisa nalo likaenda zake. Siku hiyo nilitia chumvi nyingi mpaka supu haikunyweka, na Baba akainywa yote. Hao mabwana wako hawawezi kukusimulia supu ile.

Usidhani tulimchukia mfalme. Tulidhani ni mtu mwema aliyezungukwa na walafi. Kisha akajaribu kutoroka na familia yake, amevaa nguo za mtumishi, wakamkamata njiani kabla hajaufikia mpaka. Hapo ndipo Baba alipokatika moyo. Alisema, "Mwenye nyumba akishatokea dirishani, nyumba si yake tena." Tangu hapo sikumsikia tena akimwombea mfalme mezani.

Mwaka 1792, Agosti, watu wa Paris waliiteka ikulu, Jamhuri ikatangazwa, na Januari wakamkata mfalme kichwa. Habari ilipofika hapa wengine walicheza barabarani. Baba alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kufumia, kitupu, maana wanunuzi wa hariri walikuwa wamekimbia au wamekufa. Hakucheza wala hakulia. Alisema mtu amekufa na ana watoto, akaomba maji ya kunywa.

Baada ya hapo hofu iliingia mjini ikapata pa kulala. Vita mipakani, vita vingine jirani kabisa, huko Vendée. Kengele za makanisa ziliteremshwa zikayeyushwe ziwe mizinga. Juma likafanywa siku kumi, tupumzike siku ya kumi. Migongo yetu haikuielewa hesabu hiyo hata kidogo. Kila mtaa ukaundiwa kamati ya kuwatazama washukiwa, na kwetu wakamchagua Silvain kwa sababu ya ule ule mwandiko. Alianza kwa kuandika malalamiko yetu, sasa akawa anaandika majina yetu. Nilimwomba akatae, akasema atakayekataa ataandikwa yeye wa kwanza.

Sasa nafika pale unapopangoja.

Mwaka jana, siku ya Wafalme Watatu, nilitaka keki. Sherehe ilikuwa imekatazwa kwa sababu ya jina hilo la wafalme, lakini mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na unanijua nikitaka kitu. Silvain aligomba. Nikamwambia tutaiita keki ya usawa, kama waokaji wengine walivyoanza kuiita, na atakayekuta haragwe kwenye kipande chake hatutamwita mfalme wa sikukuu kama zamani, bali akinyanyua kikombe tutapaza "Raia anakunywa." Tukacheka, tukakubaliana. Nilikanda unga wa shayiri kwa yai moja, nikaficha haragwe ndani, tukafunga madirisha.

Haragwe lilimwangukia Baba. Aliliuma, akashika shavu, akanyanyua kikombe huku macho yanamcheka kama zamani. Gatien, miaka thelathini mimi na wewe tumekipigia kikombe kile kelele. Mazoea yana tabu. Mdomo ulinitangulia. Nikagonga meza kwa kijiko na kupaza sauti yangu yote: "Mfalme anakunywa!"

Ni mimi. Isome tena kama unahitaji. Aliyepiga kelele ni mimi.

Fulgence, yule fundi viatu wa chini, alikuwa na walinzi wawili wa mtaa wakisubiri viatu vyao. Asingeweza kujifanya hakusikia. Walipanda ngazi wote watatu, yeye mbele, hajui aangalie wapi.

"Nani kamtaja mfalme humu ndani?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Baba akanikanyaga chini ya meza kwa kiatu chake cha mti, akanikanyaga kwelikweli.

"Mimi," akasema. "Haragwe langu, kelele zangu."

"Mzee Anselme, ile ilikuwa sauti ya mwanamke."

"Ukifika umri huu ukabaki na meno manne, Fulgence, nawe utapiga kelele kama mwanamke. Kwani wewe umesahau? Mwaka juzi ulikaa kiti hicho hicho, ukapayuka maneno hayo hayo mpaka ukanimwagia divai."

"Mwaka juzi halikuwa kosa, mzee wangu."

Mlinzi mmoja akamgeukia Silvain, akamwambia kamati ni yeye, aandike. Kumshangilia mfalme adhabu yake ni kifo, na kila mtu pale mezani alilijua hilo. Silvain alinitazama mimi, akalitazama tumbo langu. Akachukua kalamu.

"Andika, mkwe wangu," Baba akamwambia polepole. "Mwandiko wako mzuri. Andika Anselme."

Akaandika.

Walimfunga katika ile nyumba ya watawa iliyogeuzwa gereza. Nilikuwa nikimpelekea mkate, na siku ya tatu nilimwambia naenda kwa kamati kusema kweli. Alikasirika kama siku ile ulipochoma kitambaa cha askofu. Akaniambia, "Nimefuma miaka hamsini kwa ajili ya watu nisiowajua. Niache nifanye kitu kimoja kwa mtu ninayemjua." Nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya mtoto, na ilikuwa kweli, lakini pia niliogopa kufa. Hilo nakuandikia wewe tu.

Homa ya gerezani ilimchukua Machi, kabla ya kesi. Julai waliokuwa wakikata vichwa wakakatwa vyao, na milango ya magereza ikaanza kufunguliwa. Nilisimama njiani nikiwatazama wanaotoka, mtoto mgongoni, kana kwamba huenda wangekosea wakanitolea na wa kwangu.

Kwa hiyo uwaambie mabwana hao Baba hakuwa mtu wao. Angeudhika akijua wanamwombea pamoja na mapazia yao. Wala hakuwa mtu wa wale waliomfunga. Watu huniuliza kama ninatamani wafalme warudi, maana mkate siku hizi ni wa foleni na pesa za karatasi hazinunui kitu. Hapana. Siwataki. Ila siwezi tena kusikia mtu akisema damu fulani ilikuwa lazima, asipoanza na ya baba yake mwenyewe.

Silvain hatoki nje sana. Vijana wanaopita na marungu humtemea mate kwa ajili ya ile kamati, nao ni wale wale waliokuwa wakimvulia kofia. Hashiki kalamu tena, hata jina lake haliandiki. Fulgence bado yuko chini. Hutushonea viatu na kukataa malipo, mimi huvipokea, na hatujawahi kuzungumza. Usimchukie, alipanda ngazi kwa hofu kama Silvain alivyoandika kwa hofu. Ukitaka mtu wa kumchukia, sasa unamjua, na anuani yake iko juu ya karatasi hii.

Shangazi Radegonde anakusalimu, bado anabishana na kila mtu. Binamu Lubin amerudi kutoka vitani na mkono mmoja na njaa ya watu wawili. Mwanangu ana meno mawili, tumemwita Anselmine. Msalimie mkeo, na umbusu mwanao kwa ajili yetu. Mungu, ambaye mwaka mzima tulikatazwa kumtaja kwa sauti, akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mpana kuliko ninavyostahili.

Nikikosa jibu nitajua si meli iliyochelewa. Hata hivyo nitaendelea kuwa,

Dada yako akupendaye,
ambaye Baba alimlipia,

Perrette