Tone Jekundu Kwenye Kioo cha Pijo

Ijumaa, 7 Februari 1992

Jiwe! Nilikuwa nimetoka kuuza simsim, ufuta wetu, Arua, napita Dadamu na gari langu la Pijo, lori la tumbaku likanipita kwa pupa — tak! Kidogo tu, kama punje ya mtama, kwenye kioo cha mbele upande wa abiria. Nikashuka kulitukana lori. Limeshakwenda, nikabaki natukana vumbi. Njia nzima hadi nyumbani Koboko nilikitazama kile kinyota cha ufa badala ya barabara. Kinang'aa vizuri, niseme ukweli.

Jumamosi, 8 Februari

Kinyota kimeota mguu. Fundi Fadhul anasema tone la rangi ya kucha litausimamisha ufa, wote hapa wanafanya hivyo. Jirani yangu Hawah akatoa kichupa chake, nyekundu ya harusi. Tone moja. Baadaye nikakaa garini bila kwenda popote, jicho moja nimefumba, natazama mji kupitia lile tone. Duka la mafuta ya taa, mbuzi wangu, hata choo cha Hawah — vyote vinapendeza!

Alhamisi, 13 Februari

Ufa umevuka rangi. Fadhul anakwepa macho yangu.

Nina bima kubwa. Padri wa misheni ya Ediofe, kule Arua, hakodi gari lisilo nayo, na kazi ya misheni ndiyo inamsomesha mwanangu Yugu. Marehemu baba yake alinifundisha kuendesha, akafa tukiwa bado wakimbizi Sudan. Kila kitu tangu turudi kimebebwa na hii Pijo. Sasa swali ni hili: nikidai kioo, mwaka ujao ada itapanda? Hawah anasema itapanda tu. Bima ni kama mashemeji, ukiwaomba kitu mara moja watakukumbusha mpaka kufa. Nilicheka, lakini sikulala vizuri.

Ijumaa, 21 Februari

Arua Hill, ofisi ya bima. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Aliyetoka ni mtu mrefu, mpole, Gustave. Wazazi wake walivuka kutoka Zaire yeye akiwa mtoto. Nikamwambia kabla hajakaa: mkinipandishia ada, nahama. Akanisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe.

Halafu: "Mama, kioo moja haiguse kitu. Kioo peke yake, mara moja kwa mwaka, bei inabaki palepale. Ya pili ndiyo tunahesabu kama ajali. Pale punguzo yako ya kutodai inakufa, bei inapanda."

Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimeelewa. Ile sauti tu, nene, inatoka polepole — nilitaka kuisikia tena.

Jumatano, 26 Februari

Amekuja kukagua! Kwa pikipiki, nyusi nyeupe kwa vumbi. Akaweka kidole juu ya tone, akauliza hii ni nini. Rangi ya kucha, nikasema. Akatazama kucha zangu. Hazina rangi, zina oili. Nikaficha mikono nyuma kama msichana, mimi mtu mzima!

Akainama, akatazama barabara kupitia lile tone. Akakaa hivyo hadi chai ikapoa. Nilidhani anatafuta kosa la kuninyima kioo. Akasema, "Iko muzuri." Naandika hapa nisije kesho nikasema niliota.

Jumatatu, 9 Machi

Amekuja na karatasi nitie sahihi. Angeweza kuituma kwa basi. Hawah amefunga Ramadhani, lakini kunichokoza hakufunga: "Rosa, hii mutu ya bima inapenda Koboko kuliko kazi yake." Nikamwambia anyamaze, thawabu zitampotea.

Jumamosi, 21 Machi

Kioo kipya. Fadhul akakifunga, Gustave amesimama pembeni, kofia mkononi. Cha zamani wakakiviringisha kwa blanketi na kukilaza kwenye gari la ofisi. Ni mali ya kampuni sasa, sheria yao ndiyo hiyo. Sikujua kama nitaumia kukiona kinaondoka.

Akanipa mkono wa kuaga, akausahau kidogo mkononi mwangu. "Basi, Mama Yugu, kazi imekwisha."

Imekwisha! Nani alimwambia nilitaka iishe?

Jumapili, 12 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimesali Ediofe, mbali yote hiyo. Hawah nilimwambia nakwenda kumwona Yugu shuleni, na Yugu nilimwona kweli. Gustave yuko kwaya, safu ya nyuma. Hakuniona. Au aliniona akakimbilia karatasi ya nyimbo. Nilisimama na tawi langu nikasahau kulipunga.

Kurudi, kioo kipya hakina tone, barabara nyeupe, kila kitu kinaonekana sawasawa. Miti ni miti. Nina hamu naye. Nimeliandika, sasa limeandikwa.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Kioo hakina hata doa.

Ijumaa, 22 Mei

Lori tena, la mchanga, karibu na kuingia Koboko. Mvua imeosha barabara, mawe yako juu, na kila dereva anajua lori unaliachia nafasi. Sikuliachia. Nilikuwa naota. Naendesha, naota, mtu anaimba sauti nene ndani ya mvua — tak! Ufa kutoka mlango hadi mlango.

Hawah amekuja na khanga kichwani kutazama. Ulifuata hii lori makusudi, anasema. Hapana! Nimemjibu kwa hasira. Makusudi ni kitu kingine. Sikupanga. Ila sikupunguza mwendo pia.

Ilinipasa kulia. Kioo cha pili, ada inapanda, mbuzi wangu wawili wanakwenda sokoni. Badala yake nilipiga honi mpaka nyumbani kama gari la bibi harusi. Nimetuma habari ofisini kwa dereva wa basi.

Jumanne, 26 Mei

Amekuja katika mvua. Gari hata hakulitazama. Akasimama barazani, maji yanamtiririka, akasema haraka kama mtu aliyekariri njiani: "Mama Yugu, hii usiandike. Ni ya pili. Nilikuambia, bei itapanda. Mimi natafuta kioo ya bei kidogo, naituma na basi. Mimi sikuona kitu."

Anasema kweli. Mtu mwaminifu, anaharibu kazi yake mwenyewe ili mbuzi wangu wapone. Ningemshukuru. Lakini nilisikia moja tu: kioo kitakuja na basi, yeye hatakuja.

Nikauliza cha zamani kilitupwa wapi. Akatazama viatu. Kampuni haikukitaka. "Nilifanya dirisha, kwa nyumba yangu. Asubuhi jua inapita kwa ile nyekundu, inakuja kwa ukuta. Iko kidogo tu." Akanionyesha kwa vidole, kidogo kiasi gani.

"Andika," nikasema.

"Itapanda, Mama Yugu."

"Najua itapanda."

"Nitakuja kukagua. Nitakuja na karatasi. Nitakuja tena na kioo."

"Kwani mimi sijui hivyo?"

Akafungua kalamu. Akanitazama, mara hii hakukimbilia viatu. Akaifunga.

Nimeingia ndani kutafuta sukari, na sasa naandika hapa nimesimama, chai inachemka na kumwagika motoni. Yeye bado yuko barazani. Karatasi ya bima iko gotini kwake, haina hata neno. Hawah amejitokeza mlangoni kwake, haogopi mvua huyu, na namsikia Gustave akimwuliza kaka yangu mkubwa, anayeshika nafasi ya baba, anakaa wapi, na kama Jumapili huwa yuko nyumbani —