Sifa za Bibi Shangwe

Jumatatu, 3 Machi

Jana nimemwona Kidevu. Mkwe alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, anamenya viazi huku anatazama vichekesho, mara ikajileta yenyewe ile sura. Mwenyekiti wa chama, mgombea, anaongea na wananchi moja kwa moja kila Jumapili alasiri. Amenenepa. Nywele kazipaka rangi. Kidevu ni kilekile, kiko juu, kana kwamba kuna mtu anamnyoa.

Nikamwambia mkwe asiguse kitu. Akaniuliza, Baba, kwani unamjua? Namjua! Nilikuwa mhariri wa gazeti la chama wakati yeye ni katibu kijana. Hotuba zake za mwanzo niliziandika mimi. Hata makofi niliyaweka kwenye mabano, ajue pa kuvuta pumzi.

Mtu mmoja akamwuliza kwa maandishi: na yule mpiga chapa mliyemchukua? Mdogo wangu huyo. Mwaka chama kilipogawanyika, walimtoa penye mtambo, karatasi bado zinashuka, wakamtia garini. Hajaonekana tena, hai wala maiti. Mimi nilikuwa safarini. Nikaonywa nisirudi, na mpaka leo sijarudi. Kidevu akatoa jibu lake la siku zote: kijana mwema yule, masikini, lakini siku ile mimi nililazwa hospitali, homa kali. Kisha akahamia bei ya mbolea.

Homa. Laiti ingekuwa ya kweli, na ingekuwa na bidii.

Jumanne, 4 Machi

Wanamtukana kutwa humo mtandaoni. Kazi bure. Matusi yanamfanya awe mwangalifu. Kinachomlevya ni sifa — nilimnywesha mwenyewe, najua kipimo. Ukimwambia alivuka mto, ataapa ulikuwa na mamba.

Nimewaza hivi. Shujaa hawezi kuwa kitandani wakati wa tukio. Shujaa lazima awepo. Basi nataka awepo! Nitamsifu mpaka ajisogeze kwa mdomo wake mwenyewe, kutoka hospitali mpaka kwenye lile gari.

Mkwe alipotoka saluni kwake nikamwomba anifungulie akaunti. Alicheka hadi akashika ukuta. Baba, uzeeni huku unataka wafuasi? Tukaandika: Bibi Shangwe. Picha tumeweka ua.

Jumapili, 9 Machi

Niliandika: “Mwanangu, wengine tuna umri, tunakumbuka. Uliinuka na homa yako ukaenda kumtafuta yule mpiga chapa. Mbona unaficha wema wako?”

Kidevu aliusoma ujumbe kimoyomoyo, nikaona midomo inatikisika. Akatoa leso. Halafu: “Bibi, umenikamata.” Ndiyo, alichomoa dripu mkononi. Ndiyo, alifika getini kwa wapiga chapa kabla hakujapambazuka. Hakutaka kujisifu tu.

Mkwe akapiga meza: Baba, kameza!

Getini tayari. Baadaye nimelala kama mtoto aliyeshiba.

Jumatano, 12 Machi

Bibi Shangwe amekuwa mtu mkubwa. Klipu inazunguka kila mahali. Vijana wa chama wamemchora bibi mwenye miwani na kitambaa kichwani, wamemtia kwenye fulana. Vijana wa chama pinzani wanasema Bibi Shangwe ni roboti. Mimi! Roboti gani anaumwa magoti akipanda ngazi?

Wapinzani niliwatumia klipu mbili, ile ya hospitali na ile ya getini, nikawaambia linganisheni. Waliziweka. Watu wakajibu kwa mamia: alificha kwa unyenyekevu, mtu mnyenyekevu huyu! Na mioyo myekundu, safu kwa safu. Uongo wa zamani na uongo mpya, vimekaa pamoja kama mke na mume, hakuna anayewagombanisha.

Mkwe hacheki sana sasa. Anasema saluni wateja wamelia chini ya madrai ya kukaushia nywele. Baba, wewe unampigia kampeni huyo mtu. Nikasema acha anenepe. Akasema, na akishinda? Viazi viliungua.

Jumapili, 16 Machi

Niandike vizuri.

Leo nilimwandikia: “Mtu wa aina yako haishii getini.” Basi. Maneno hayo tu.

Akasema leo atatoa alilolibeba kifuani miaka yote. Alijilazimisha kupanda lile gari. Alikaa nyuma na mdogo wangu, akamshika mkono. Penye tanuri la matofali gari likasimama, wakamshusha yeye kwa nguvu. Na yule kijana, kabla hawajaachana, akavua miwani akampa: nishikie hii.

Nilisimama, kiti kikaanguka.

Kidevu hajui kubuni. Ndiyo maana nilimwandikia kila neno, hajui. Hupamba, lakini hupamba juu ya kitu alichokiona. Tanuri la matofali halijatajwa na mtu yeyote, si na serikali, si na magazeti. Nalijua, lilikuwa limeachwa, majani yameota mdomoni. Na miwani! Tangu utotoni mdogo wangu akiona anakaribia kupigwa huvua miwani, humpa aliye karibu. Nishikie hii. Nimemshikia mara ngapi mimi, nyuma ya madarasa.

Alikuwepo. Mungu wangu, alikuwepo. Nimemfikisha.

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji, mke wa mdogo wangu. Nimeusikiliza nikiwa dirishani, halafu tena, halafu tena.

Analia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo. “Shemeji, umesikia? Miwani! Hiyo miwani mtu hawezi kuitunga. Hakufa peke yake, shemeji. Alishikwa mkono.” Kesho anakwenda penye tanuri na maua.

Mimi nimesikia miwani nikasema muuaji. Yeye kasikia miwani ileile akasema rafiki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempigia. Nilianza taratibu, nikamaliza vibaya. Nikamwambia mtu aliyekuwemo ndani ya gari hilo na akatoka mzima, akapandishwa cheo mwezi uliofuata, huyo hakushikana mikono na mtu. Nikamwambia alikuacha ukizunguka magereza na chakula kwenye kitambaa, na tanuri analijua.

Kisha akasema, “Wewe uko mbali, shemeji. Unaweza kumchukia kila siku, hukutani naye sokoni. Mimi nimechoka. Kama ni uongo, niachie.”

Nikasema siwezi.

Akasema Jumapili chama kimemwalika, atakaa pembeni ya Mwenyekiti mbele ya watu wote, mjane wa shujaa. Wamemshonea na nguo. Na kuna zawadi atapewa. “Usiniharibie,” akasema. Hajui kwamba Bibi Shangwe ni mimi. Hajui kwamba hiyo nguo nimemshonea mimi.

Jioni ujumbe mwingine, wa ofisi ya chama, kwa Bibi. Heshima nyingi, shikamoo mbili. Wanaomba Jumapili aungane nao moja kwa moja, Mwenyekiti anatamani kumwona.

Nimejibu: nitakuja, wanangu.

Jumapili, 23 Machi

Mkwe amefunga saluni. Amenipigia pasi shati jeupe bila kuulizwa. Simu iko juu ya vitabu, usawa wa uso wangu, nasi tumo kwenye foleni. Wanasema baada ya zawadi ni zamu ya Bibi. Naandika ili nisiitazame sana.

Mkwe alijitolea kuongea yeye, sauti ya kizee anaiweza. Nikakataa. Baba, basi utamwambia nini? Swali moja tu: nani alimwambia dereva asimame?

Ukumbi umejaa. Fulana za Bibi kila safu. Shemeji huyo. Sijauona uso wake tangu nilipoondoka, na wamempaka poda mpaka amekuwa mtu mwingine, lakini namna anavyokunja mikono ni yeye. Anatabasamu. Mkwe ananitazama mimi, hatazami simu. Anasema bado tunaweza kuzima, Baba. Nimetikisa kichwa.

Kidevu anaongea. Makofi hapohapo ningeyaweka mimi.

Anatoa kiboksi. Anasema ameitunza nyumbani kwake, ndani ya kabati, miaka yote, kwa mapenzi. Kamera inasogea.

Ni yenyewe, miwani ya mdogo wangu. Mguu wa kushoto umefungwa kwa waya wa shaba — waya wa mtamboni, nilimfungia mwenyewe, nikaukata vibaya, umetokeza ncha. Nayaona yote hayo kwenye kioo cha simu. Sikuwa nimemwuliza. Kaileta mwenyewe!

Ukumbi unalia. Watu wamesimama.

Shemeji halii. Ameishika kwa vidole viwili. Anapitisha kidole gumba kwenye ule waya, anarudi, anapitisha tena. Tabasamu limeondoka bila yeye kuliondoa. Amegeuka anamtazama Kidevu. Ananena kitu, kipaza sauti hakimfikii. Midomo naisoma: ndani ya kabati, miaka yote?

Kidevu hajasikia. Anapunga mkono kwa kamera. “Na sasa, ndugu zangu, yule mnayemsubiri!”

Simu inaita. Mkwe ananong'ona, Baba, nifungue picha au sauti peke yake?

Nimesema picha.

Kidevu ameinua kidevu, ametandaza mikono, anamsubiri bibi yake. Shemeji bado anamtazama yeye tu, miwani mkononi. Mkwe amebonyeza.