Redio za Malori kwenye Majaruba ya Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua redio ya tatu leo. Vumbi la katani ndani, kama pamba. Fyuzi imeungua, waya wa spika umetafunwa na panya. Kazi ndogo. Kufika adhuhuri ilikuwa inakoroma.

Zote zilikuwa kwenye malori ya shamba la katani, Petro alikozeeka akiendesha. Malori yalipouzwa kama chuma chakavu, alizing'oa akaziweka nyumbani kwake, na sasa ameniletea. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Mpaka leo ananiita shemeji. Vijana wa mtaa wetu wa Makorora, hapa mjini, wanapita kwenye duka langu la ufundi wakiuliza kama nimeanza kuuza makopo. Wacheke. Redio hizi hazitaki mnara wala vocha. Unabonyeza, unasema, mwenzako anasikia.

Jumatano, 5 Machi
Kibali cha kuzitumia kimetoka. Nimefurahi kama mtoto.

Nafanya haya kwa ajili ya Mwanaisha, mdogo wangu. Anavuna chumvi kwenye majaruba, vile vitalu vya kukaushia maji ya bahari, nyuma ya mikoko, kusini mwa kijiji cha Tongoni. Simu haishiki huko. Mwaka jana mwenzao aliumwa na nyoka, ikabidi mtu akimbie kwa miguu hadi kijijini kutafuta gari. Yule mama alipona, lakini mguu hauna nguvu tena. Nikasema basi, imetosha.

Jumamosi, 8 Machi
Redio moja stoo ya chumvi, kwa betri ya lori. Moja nyumbani kwa Petro, Tongoni. Ya tatu hapa kwangu, antena kwenye boriti ndefu juu ya paa.

Tumejaribu. Mkoromo mtupu. Nimekasirika.

Jumapili, 9 Machi
Antena yangu ilikuwa fupi. Nimepanda juu ya paa na swaumu yangu, jua la utosini, nikarefusha waya. Majirani wamesimama wanasubiri nianguke.

Kisha sauti ya Mwanaisha, hafifu lakini yeye: "Dada! Dada, unanisikia?" Nikamjibu aache kupiga kelele.

Jumanne, 11 Machi
Petro na Mwanaisha wanasalimiana redioni kila asubuhi. Mke wake, Mama Eliya, hataki hata kuiona. Ameifunika kitambaa. Ameniambia usoni kwamba ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Imeniuma. Siyo sana. Kazi yangu naijua.

Ijumaa, 14 Machi
Mawingu mazito, mvua inawahi mwaka huu. Na mwezi ni mpevu, bamvua inakuja; maji yatapanda kuliko siku zote. Nimemwambia Mwanaisha watoke huko. Hataki. Chumvi ya msimu mzima iko nje, wanaihamishia stoo kabla haijayeyuka. Tumegombana hewani, Petro anasikia kila neno. Aibu.

Jumapili, 16 Machi
Naandika usiku wa manane.

Mvua tangu asubuhi. Alasiri radi ikapiga mnara, simu za Tongoni zote zikazimika. Nikaiwahi redio. Mwanaisha anaita, sauti inakatika. Tuta linalozuia bahari limebomoka. Bahari imeingia majarubani, njia ya kutokea haipo. Yeye na wenzake wamepanda juu ya magunia ndani ya stoo, na maji yanawafuata. Betri ameipakata.

Petro yuko Muheza msibani. Nilijua. Kwake amebaki Mama Eliya peke yake. Nikaita. Nikaita mpaka sauti ikakwaruza. Kutoka mjini nisingewahi kwa vyovyote.

Mwishowe mkoromo ukakatika. Mtu ameshika maiki.

"Mama Eliya! Bonyeza kitufe cha pembeni, sema, halafu achia!"

"Nimebonyeza. Nani?"

"Zainabu. Maji yamewazingira kina Mwanaisha kwenye stoo ya chumvi. Nenda kwa nahodha mwenye boti ya mashine, aende sasa hivi. Maji yamejaa, atapita katikati ya mikoko."

"Haya, nakwenda. Usiondoke hapo."

Kuniamrisha mimi! Akatoka na magoti yake mabovu, kwenye mvua ile.

Nikamwambia Mwanaisha asiseme, betri isiishe. Abonyeze tu, nijue yupo. Kila akibonyeza, mkoromo unanyamaza kidogo. Nikawa nahesabia uhai wake kwa ule ukimya. Halafu ule ukimya haukurudi. Mkoromo tu, mfululizo. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku niliyofiwa.

Adhana ya magharibi ikapita. Sikufuturu.

Kisha Mama Eliya, anapiga kelele kuliko mdogo wangu: "Zainabu! Wamefika! Wote! Wako hapa wanatetemeka, nimemaliza kanga zangu zote kuwafunika!"

Nilikunywa maji, bilauri nzima. Ndipo nikalia.

Jumatatu, 17 Machi
Simu zimerudi. Petro amerudi kutoka msibani, amepiga. Nahodha aliwakuta maji yamefika kifuani; betri ilizama, ndiyo maana kimya. Wanawake wote wazima. Chumvi yote imekwenda. Msimu mzima, hata kiganja hakuna. Petro akampa Mwanaisha simu; aliposimulia hilo tu ndipo sauti ilipomkatika.

Petro analalamika kwamba mkewe hamruhusu kugusa redio. Nimemwambia atulie. Nitafufua nyingine kwa ajili ya stoo ya chumvi.

Jumatano, 19 Machi
Mwanaisha yuko kwangu. Mikono imepasuka kwa chumvi, vidole havikunjiki vizuri. Nimempaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, kama alipokuwa mdogo. Mwishoni akasema baada ya Idi wanalijenga tuta upya, na safari hii juu zaidi. Sikumkataza.

Sasa amelala kwenye jamvi, mdomo wazi. Mvua imekatika. Nimefunga duka mapema, nimekaa karibu yake, nachambua mchele wa futari.