Sanamaki na Salamu za Njiani

Mjukuu wangu Maryam,

Marahaba, na Mungu akuepushe na baridi ya Uturuki. Sisi wazima, babu yako anakohoa, lakini chai haimpiti. Unauliza mbona maneno ya Kituruki unayofundishwa yanakutoka kichwani kabla hujafika chumbani kwako. Swali hilo limeninyima utulivu tangu asubuhi.

Miaka ile baada ya Mapinduzi tukikaa mtaa wa Ng'ambo. Mdogo wangu alishikwa na tumbo, akawa analia tu. Mama akanituma sokoni Darajani nikanunue tangawizi na sanamaki. Tangawizi nikiijua. Sanamaki kwangu ilikuwa sauti tupu, basi nikakimbia nikiitamka njia nzima. Lakini kila baraza lilikuwa na wazee, na kumpita mzee bila shikamoo, nani angethubutu?

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nilipofika dukani nilikuwa na neno tangawizi peke yake mdomoni. Lile jingine limeyeyuka.

Nikarudi mbio, roho juu. Mtoto bado analia. Mama akanikemea, "Sanamaki, we mtoto! Yale majani machungu niliyokunywesha, ukaitapikia kanga mpya ya shangazi yako!"

Lo! Ulimi ulikumbuka kabla yangu mimi. Nikatoka tena, nikawaamkia wazee wote, nikajibu hata habari za kuku wetu, na neno halikubanduka.

Sasa niambie, mama, hayo maneno unayoyabeba mdomoni, lipo hata moja lililokwisha kukutapisha?

Bibi yako, ambaye hata kuliandika neno sanamaki amekunja uso.