Mademwazeli alipitisha kidole juu ya meza

Kambi ya plantasyo, Kirolirwe, mwezi wa tano 1955

Mwenye bahati njo mimi! Hapa kambini hakuna bibi kama Mama Feza wangu. Hashiki tena jembe. Anashinda nyumbani, anashona, anapiga pasi, vile kabisa mademwazeli, yule muzungu wa kutazama nyumba za kambi, anavyotaka.

Leo mademwazeli alipita. Alikuwa ameahidi: nyumba itakayokuwa safi kuliko zote, watu wake watahamia nyumba mpya ya matofali. Alipitisha kidole juu ya meza, akachungulia sufuria, akashika pazia la maua.

"Papa Feza, bibi yako iko fundi! Iko wapi nimushukuru?"

"Ameenda kuchota maji, mademwazeli."

Jirani yangu Papa Kahindo akakohoa kama mbuzi.

Akatupatia ile nyumba ya matofali! Nilicheza pale mulangoni mpaka kofia ikaruka.

Jioni Mama Feza alirudi na kitunga cha maharagi, matope mpaka magoti. Nikamwambia yote, na kwamba mademwazeli atarudi siku ya ine ya juma kumuona akishona. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Na siku ya ine akirudi kuniona nikishona? Utavaa kitenge changu?"

"Basi uache shamba kidogo, mama."

"Pesa ya kulisha watoto plantasyo inayokupa inanunua chumvi tu. Shamba njo inawalisha. Siachi."

Sasa naogopa. Mademwazeli akijua, matofali yamekwenda.

Yale nilisema mwanzo ni uongo wote. Bibi yangu hajashika pasi hata siku moja. Pazia nilishona mimi, sufuria nilisugua mimi, mulango ukiwa umefungwa ili wanaume wasinione.