Ziwa Likiwa Mkono wa Kushoto

Mke wangu mpendwa, Mama Zaina,

Mwanao Yusufu ametuma mtu toka Uvira. Anasema jeshi limeutwaa tena mji toka kwa waasi, maduka ya mtaani kwetu Kimanga yanafunguliwa, na Ijumaa mtumbwi wa mota utafika ufukoni hapa kunichukua. Anataka jibu kabla ya hapo: nirudi nilikokuzika, au nibaki huku ng'ambo kwa Zaina. Jibu ninalo. Wewe ndiwe wa kwanza kulisikia, kwa sababu wewe ndiwe uliyekubali kuingia katika hesabu hii kisha ukatoka.

Ndiyo, bado nina kinyongo, sitakuficha. Unakumbuka mwaka wa uhuru, Wabeleji wa kazi za leta, za serikali, walipofunga masanduku yao, nikarudi nyumbani na nivo yangu, ile pimamaji, kwapani. Miaka thelathini na minane niliwajengea. Darasani sikukaa hata siku moja, herufi na ramani nilijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Nikakwambia, basi, natundika mwiko, twende Usumbura tukakae kwa Zaina, tule samaki, tutazame watu wanavyopita. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Weye ukae? Muntu anahesabu viti hata kwenye kilio?"

Halafu ukakubali. Ulikubali, Mama Zaina, na Zaina ni shahidi. Miezi minane baadaye kifua kikakuchukua, nikabaki peke yangu na mpango wa watu wawili.

Nimejenga nyumba mia moja na nne, lakini nikifumba macho naiona moja tu, ile yetu ya Kimanga, kwa kuwa siku ya kuipima sikuwa na msaidizi ila wewe. Sisi wa Uvira hatukuhitaji dira. Weka ziwa mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto, uso wako utakuwa kibla, na kitanda, choo na kaburi vyote vinapangwa kutoka hapo. Nilikupa ncha ya kamba nikapiga kelele, "Ziwa kuume!" Ukasimama kule mwisho ukinitazama, mkono kiunoni.

"Kuume kwako ao kwangu?"

"Kwangu!"

"Basi kwangu iko kushoto. Leo nani iko na haki, muzee?"

Majirani walicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu haki ilikuwa yako. Na siku ya kukuzika nilikupimia kwa kipimo kile kile, ziwa kuume. Kamba aliishika Yusufu.

Waasi waliposhika mji, Yusufu huyo huyo alinipakia mtumbwini kama gunia la mpunga wa Sange, yeye akabaki na duka. Ndivyo nilivyofika katika mapumziko tuliyoyapanga. Mji wa Usumbura siku hizi unaitwa Bujumbura. Zaina ni mtoto mwema, na wema wake nusura uniue. Nikishika ufagio, "Baba, acha." Nikigusa tofali, "Baba, pumzika kidogo." Nilipumzishwa kama ng'ombe wa sikukuu. Toka kitandani hadi kiti cha barazani ni hatua kumi na moja. Toka kitini hadi kitandani pia kumi na moja, nilipima mara mbili nikidhani labda kurudi ni karibu zaidi. Ukuta wa jirani una matofali mia sita na arobaini, manne yamewekwa vibaya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Siku moja wakaja wavuvi na wauza mawese wa ufukoni, Waislamu wenzetu. Walitaka kujenga kijumba cha kusalia karibu na mitumbwi, na walisikia baba yake Zaina ni fundi wa Uvira. Hata chai sikumaliza. Asubuhi hiyo ukungu wa mvua ulikuwa umefunga kila kitu, jua hakuna. Nilisimama mchangani nikafanya nilichofanya mara mia moja na nne: ziwa kuume, milima kushoto. Vikakaa sawasawa. Nikapiga vigingi, nikafunga kamba, wanaume wakachimba msingi siku mbili.

Siku ya tatu akapita Mama Keza, muuza ndagala, yaani dagaa, mwenyeji wa huku, Mkatoliki, beseni kichwani. Akautazama msingi, akatazama kusini ulikoelekea, akautazama tena.

"Muzee wa Uvira," akaniita, "huko Rumonge kuko nani munamusalia?"

Nikamwambia aende na ndagala zake.

"Miye si Mwislamu. Lakini Waislamu wote wa Buyenzi wanainama huku," akaonyesha kaskazini kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imeshika beseni. "Weye unawapa mugongo."

Majembe yalisimama. Nikamgeukia Sefu, mwenye mtumbwi mkubwa, aliyechimba nami tangu kigingi cha kwanza. Mbona hukusema?

"Baba, nilifikiri upande huo iko mulango. Nani atafundisha fundi wa Uvira?"

Siku mbili nzima alikuwa ananichimbia aibu kwa heshima.

Nilikuwa nimevuka ziwa, Mama Zaina. Ukivuka, ziwa linahamia mkono wa pili, na milima nayo. Mtoto wa shule angelijua hilo. Mimi, na nyumba zangu mia moja na nne, nilitaka kuwapanga watu waipe Makka kisogo. Nikarudi kwenye kiti changu, siku nne sikutoka. Kama mtu wa Yusufu angekuja siku hizo, ningepanda mtumbwi hata viatu sijavaa.

Siku ya tano jioni nilikwenda kung'oa vigingi wakati hakuna wa kunitazama. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na hewa imeoshwa. Nikainua kichwa.

Sijui nikuandikieje. Ng'ambo ya maji ilisimama milima yetu, yote, toka bonde la Ruzizi hadi inakopotelea kusini, na jua lilikuwa linaingia nyuma yake. Miaka sitini na mitatu niliamka chini ya milima ile. Nimevunja mawe yake, nimekunywa maji yake, wewe nimekulaza ubavuni mwake. Nilidhani naijua, kumbe nilikuwa najua nyayo zake tu. Toka Kimanga unaona kilima cha kwanza, nacho kinakuficha vingine. Toka huku niliona migongo saba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na rangi yake ya buluu, na wa mwisho umepita mawingu. Chini kabisa, pale maji yanapoishia, palikuwa na mstari mwembamba mweupe, ndio mji wetu. Nilinyoosha kidole mbele ya jicho. Uvira yote ikafichika nyuma ya ukucha: ofisi za leta, bendera iliyoshushwa na iliyopandishwa, waasi, jeshi, duka la Yusufu, kaburi lako, na nyumba zangu zote. Nilijaribu kukadiria urefu wa mlima ule wa mwisho, nikaishiwa vipimo. Nikakaa mchangani nikasema Subhanallah, mara ngapi sikuhesabu. Wewe unajua maana ya mimi kutohesabu.

Nilikaa mpaka rangi zikaisha, wala hakuna aliyeniambia nipumzike. Na nilipokuwa najipangusa mchanga, wazo likanijia, dogo na la kazi: kama mimi nilikosea, wenzangu toka Uvira je?

Asubuhi nikaanza kubisha hodi kwenye vibanda vya waliovuka kama mimi. Cha kwanza, mzee wa Kalundu ambaye magoti hayamfikishi msikitini. Mkeka ameutandika ziwa kuume, anaisalia Rumonge mwezi wa tatu huu. Kati ya vibanda kumi na saba nilivyoingia, tisa vilikuwa vimegeuka. Kila kimoja nilipigilia msumari ukutani uwe alama ya kibla, kaskazini, ukiinamia kidogo linakotoka jua. Mwanamke mmoja mwenye watoto watatu alishika mdomo akaanza kulia.

"Baba, miezi hii yote minne nilikuwa nasali wapi?"

Nikamwambia, Mungu anajua uliliacha ziwa upande gani.

Msingi tuliufukia, tukauchimba upya. Nilipotafuta wa kunishikia ncha ya pili, Mama Keza alitua beseni. "Leta hiyo kamba, haitanisilimisha." Na sasa kila mtumbwi ukishusha watu wa kwetu, hata sijaambiwa natoka na nyundo na misumari. Mashariki yao na magharibi yao vimepinduka, wengine wanaogopa hata kulala kwa sababu kitanda hakijui kielekee wapi. Ninawapangia. Inanichukua saa mbili, tatu. Zikipita, nakaa, na sasa naweza kukaa kweli, bila kuhesabu tofali la mtu. Zaina ameacha kuniambia nipumzike. Siku hizi anauliza, "Baba, unarudi saa ngapi?" Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu ulipofariki.

Kwa hiyo jibu langu kwa Yusufu ni hapana. Nabaki. Ile nafasi ya pembeni yako, niliyoipima siku ile bila kumwambia mtu, nitamwandikia ampe atakayeihitaji. Usikasirike. Au kasirika, nami nilikukasirikia miaka minne, tutakuwa sawa. Nilikuwa nadhani umeniachia mpango wa watu wawili ili unikomoe. Kumbe mpango wenyewe wa kukaa tu hata mtu mmoja haujamtosha, bado kuna kazi inabaki kila siku.

Nafunga hapa, kuta zinaningoja. Nikiwa naandika, kivuli cha milima kimeshashuka juu yenu, mji siuoni tena. Huku bado kuna mwanga. Jana niliupima: unauzidi wa kwenu kwa dakika ishirini na mbili. Zinatosha safu moja ya matofali.

Mume wako,
Baba Zaina