Fomu ya Mzee Semu

Nyamianda, Alhamisi jioni

Nimenawa mara mbili, wino bado uko kwenye vidole. Tangu waasi washuke kutoka milimani, biro, ofisi ninakofanya kazi ya ukarani, inataka kujua nani ni mwenyeji na nani mgeni; anayeandikwa mgeni anashukiwa kuwa mwasi. Leo ilikuwa zamu ya jirani yetu Mzee Semu, mfugaji aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka ng'ambo ya mto Ruzizi, nchi jirani.

Fomu inauliza kama mhusika amezoeana na wenyeji. Niliandika kwamba alimpa baba yangu ng'ombe wa urafiki, na baba alipokufa alinyoa kichwa pamoja nasi.

Shefu, mkuu wetu wa biro, alifuta yote. "Fomu haiulize mambo ya ng'ombe. Baba yake alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo, shefu. Lakini huyu muntu iko wa kwetu."

"Weye andika mgeni."

Askari walikuwa mlangoni. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Mzee hajui kusoma. Nilipompa fomu yake, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaikunja karatasi taratibu na kuitia mfukoni mwa koti. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia, lakini...

Askari wakimsimamisha njiani, ataitoa mwenyewe, bila woga, kwa sababu ni mimi niliyeiandika.